Lesley Visser: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari yake katika utangazaji wa michezo

Kila msimu wa Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, ukikaribia, jina la Lesley Visser hurudi midomoni mwa watu, na maswali yaleyale huja nalo. Mengine hutokana na udadisi tu. Mengine hutokana na taarifa zilizochanganywa: anapewa sifa zisizo zake, au ananyimwa zilizo zake. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayobishaniwa. Kama shida yako ni kujua alikuwa "wa kwanza" katika lipi hasa, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya nne.

## 1. Mambo ya msingi

Lesley Visser ni nani?

Ni mwandishi na mtangazaji wa michezo wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1953 mjini Quincy, Massachusetts, jirani kabisa na Boston. Alianza kazi katika gazeti la The Boston Globe mwaka 1974, akaingia televisheni kupitia CBS mwaka 1984, akahamia ABC na ESPN katikati ya miaka ya 1990, kisha akarudi CBS mwaka 2000. Ameripoti Super Bowl, fainali za NBA, World Series (fainali ya beisiboli), fainali za mpira wa kikapu za vyuo vikuu, tenisi ya Wimbledon, Michezo ya Olimpiki, mbio kubwa za farasi na mashindano ya kuteleza kwenye barafu.

Watu wengi wanamfahamu kwa sura ya televisheni: mwanamke mwenye kipaza sauti, amesimama pembeni mwa uwanja. Lakini yeye ni mwandishi kwanza. Miaka yake kumi ya mwanzo aliitumia gazetini, na bila kuizingatia miaka hiyo huwezi kuelewa kwa nini alidumu katika kazi iliyowatema wengi.

Ni mchezo gani uliomtambulisha zaidi?

Futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, inayochezwa katika ligi ya NFL. Mpira wa kikapu ulimpa nafasi kubwa pia, hasa ule wa vyuo vikuu, lakini mageuzi anayokumbukwa nayo yalitokea kwenye futiboli. Hilo lina uzito wake, kwa sababu mchezo huo ulionekana kuwa wa wanaume kuliko yote. Wanawake hawakuucheza shuleni, na hoja iliyotolewa daima ilikuwa kwamba mtu asiyewahi kuucheza hawezi kuusemea. Hoja hiyo haikuwazuia wanaume wengi ambao nao hawakuwahi kuucheza.

Alilipata wapi wazo la kuwa mwandishi wa michezo?

Utotoni. Binti wa miaka kumi hivi, siku ya Halloween ambapo watoto wa Marekani huvaa mavazi ya kuigiza, wenzake walijifanya malkia na wachawi, yeye akajifanya Sam Jones, mchezaji wa timu ya mpira wa kikapu ya Boston Celtics. Alipomwambia mama yake kwamba anataka kuandika habari za michezo, hapakuwa na mwanamke ambaye mama angeweza kumwonyesha kama mfano. Angeweza kumwambia atafute kazi nyingine. Badala yake alimwambia kwamba wakati mwingine mtu hana budi kuvuka barabara hata taa inapomkataza. Visser amekuwa akiyarudia maneno hayo maisha yake yote.

Aliajiriwa vipi mwanzoni?

Akiwa mwanafunzi wa Boston College, mwaka 1974, alipata ufadhili wa Carnegie Foundation. Ufadhili huo ulitolewa kwa wanawake 20 tu nchi nzima, waliotaka kuingia katika kazi ambazo asilimia 95 ya wafanyakazi wake walikuwa wanaume. Yeye akachagua uandishi wa michezo, na ufadhili ukampeleka kwenye dawati la michezo la The Boston Globe.

Hapo bahati ilikutana na juhudi. Dawati hilo katika miaka ya 1970 lilikuwa miongoni mwa yale bora zaidi nchini humo: Peter Gammons kwenye beisiboli, Bob Ryan kwenye mpira wa kikapu, Will McDonough kwenye futiboli, Bud Collins kwenye tenisi, na Leigh Montville upande wa makala. Kijana aliyekaa katikati ya watu hao alijifunza mambo ambayo hakuna chuo kingemfundisha: kumpigia simu mtu ambaye hataki kupigiwa, kusoma takwimu kabla ya kuuliza swali, na kumaliza habari kabla mtambo wa kuchapa haujaanza kuzunguka.

Mwaka 1976 kulitokea nini?

The Boston Globe ilimkabidhi New England Patriots, timu ya NFL ya eneo la Boston. Si kwa mechi moja wala makala moja ya pembeni. Alitakiwa kuiandika timu hiyo msimu mzima: mazoezi, majeruhi, safari za ugenini, mechi zenyewe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa jukumu la kudumu la kuandika habari za timu ya NFL. Alikuwa na miaka 23 tu msimu ulipoanza.

Kwangu mimi, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote alizopiga, kubwa hata kuliko zile za televisheni zinazotajwa zaidi. Kuonekana mara moja kwenye tukio kubwa kunaweza kuwa uamuzi wa siku moja wa bosi mmoja. Kukabidhiwa timu msimu mzima maana yake gazeti limekubali kwamba ukikosea, limekosea.

## 2. Vizuizi na milango iliyofungwa

Ni kweli kitambulisho chake cha uwanjani kilisema wanawake hawaruhusiwi?

Ndiyo. Visser amesimulia mara nyingi kwamba kitambulisho alichopewa ili aingie kufanya kazi kilikuwa kimechapwa maneno ya kuwakataza wanawake na watoto kuingia jukwaa la wanahabari. Yaani karatasi iliyompa ruhusa ndiyo hiyohiyo iliyomkataza. Aliyeichapa hakuwa na nia ya kumtukana yeye binafsi. Hakuna aliyekuwa amewaza kwamba siku moja mwanamke angeishika akiwa kazini.

Matatizo mengine yalikuwa madogo kuyasimulia, mazito kuyaishi. Viwanja vingi havikuwa na choo cha wanawake karibu na jukwaa la wanahabari, kwa hiyo mwandishi wa kike alilazimika kushuka kati ya mashabiki wakati wenzake wanaendelea kuandika.

Kwa nini chumba cha kubadilishia nguo kinatajwa sana katika habari zake? Kwani hakuweza kuwahoji wachezaji mahali pengine?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, na huulizwa pia kwa kejeli, kwa hiyo linastahili jibu refu kidogo.

Katika michezo ya Marekani, mahojiano ya baada ya mechi hufanyika ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Ndivyo ilivyozoeleka. Mechi ikiisha, kocha hupewa dakika chache na timu yake, kisha mlango hufunguliwa na waandishi huingia. Hapo ndipo mchezaji aliyekosea husema alichokiona, na aliyeshinda husema kabla hajapoa. Baada ya hapo mwandishi hukimbilia kuandika, kwa sababu gazeti la asubuhi halimsubiri mtu.

Mwanamke aliyezuiwa mlangoni alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumwomba afisa wa timu amwitie mchezaji, akubali au akatae. Ya pili ni kusubiri nje, mara nyingi eneo la maegesho, hadi wachezaji waoge, wavae na watoke wakiwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kufikia wakati huo wanaume wameshatuma habari zao. Mhariri asubuhi hataki kujua ulisubiri wapi. Anataka kujua kwa nini gazeti jirani lina maneno ya mchezaji na lake halina. Kwa hiyo suala halikuwa mwanamke kutaka kuona watu wanavaa nguo. Suala lilikuwa kama atakuwa na habari ya kuandika au hatakuwa nayo, na kwa hiyo kama kazi atabaki nayo.

Kile kisa cha Terry Bradshaw na kalamu ni cha kweli?

Ndivyo Visser mwenyewe anavyokisimulia. Alikuwa nje ya uwanja kwenye baridi kali, anamsubiri Bradshaw, aliyekuwa akiiongoza Pittsburgh Steelers kama mrusha mpira mkuu. Bradshaw alipotoka na kumwona mwanamke kijana ameshika daftari na kalamu, akavichukua, akaweka sahihi yake, akamrudishia na kuondoka zake. Alidhani ni shabiki.

Miaka michache baadaye wote wawili walikuwa wafanyakazi wa CBS. Tukisikia kisa hiki tunacheka, na Visser hukisimulia kwa ucheshi. Lakini tazama kilichotokea usiku ule: mwandishi alirudi kazini na sahihi badala ya nukuu.

Nani aliyefungua vyumba hivyo kwa wanawake? Ni Visser?

Hapana, na yeye hajawahi kudai hivyo. Kesi iliyotikisa mfumo ilikuwa ya Melissa Ludtke, mwandishi wa jarida la Sports Illustrated, aliyezuiwa kuingia vyumbani wakati wa World Series ya 1977. Kesi ilifunguliwa dhidi ya uongozi wa beisiboli, na Septemba 1978 Jaji Constance Baker Motley wa mahakama ya shirikisho mjini New York akaamua kwamba kumzuia mwandishi wa kike katika Yankee Stadium ni kuvunja haki yake. Motley alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho, baada ya miaka mingi ya kupigania haki za raia mahakamani.

Uamuzi huo ulihusu uwanja mmoja wa beisiboli. Haukuilazimisha NFL. Timu za futiboli ziliendelea kila moja na utaratibu wake, nyingine zikifungua, nyingine zikifunga, hadi mwaka 1985 ligi chini ya kamishna Pete Rozelle ilipoagiza timu zote ziwape wanahabari wa kike nafasi sawa na ya wanaume. Hesabu mwenyewe: kuanzia 1976 hadi 1985, sehemu kubwa ya muda ambao Visser aliandika futiboli gazetini, kanuni hiyo haikuwepo. Likumbuke jina la Rozelle, litarudi katika sehemu ya tano.

Je, yeye ndiye aliyedhalilishwa na wachezaji wa Patriots mwaka 1990?

Hapana. Huyo alikuwa Lisa Olson wa gazeti la Boston Herald, aliyedhalilishwa na wachezaji katika chumba cha kubadilishia nguo cha Patriots Septemba 1990. Ligi iliagiza uchunguzi, faini zikatolewa, lakini Olson ndiye aliyeandamwa na baadhi ya mashabiki hadi akaondoka kwenda kufanya kazi Australia. Watu huwachanganya wawili hawa kwa sababu mji ni mmoja na timu ni moja. Kisa cha Olson kilitokea miaka mitano baada ya kanuni ya 1985, na kinaonyesha kwamba mlango kufunguliwa na mtu kupokewa kwa heshima ni mambo mawili.

## 3. Televisheni

Mwandishi wa gazeti alikuwa na nini cha kuipa televisheni?

Habari. Hadi miaka ya 1980, televisheni ya michezo ilijaa wachezaji wastaafu na watangazaji wenye sauti nzuri, lakini ilikuwa na wachache waliojua kuchimba habari. CBS ikaanza kuwatafuta watu wa magazeti. Bud Collins alikuwa ameshaonyesha njia kwenye tenisi, na Will McDonough naye aliitwa CBS mwaka 1986, hivyo dawati lilelile la Boston lilitoa zaidi ya mmoja.

Visser alikuja na daftari la simu. Makocha waliomfahamu tangu akiwa binti anayeandika kwa mkono pembeni mwa mazoezi walimpokea simu. Hilo halionekani kwenye skrini, ila ndilo linalomtofautisha anayesoma alichoandikiwa na anayejua anachokisema.

Kazi ya kuripoti kutoka pembeni mwa uwanja ni ipi hasa? Mbona inaonekana ni ya sekunde chache tu?

Ni ya sekunde chache hewani na saa nyingi nje ya hewa. Siku kadhaa kabla ya mechi, mwanahabari hukutana na makocha na wachezaji wa pande zote, husikiliza mipango, na hukusanya habari nyingi kuliko atakazowahi kuzitumia. Wakati wa mechi amevaa kifaa cha sikioni, anasikia sauti ya mwongozaji aliye kwenye gari la matangazo, sauti za watangazaji wawili walio juu, na kelele za maelfu ya mashabiki. Mchezaji akiumia, yeye ndiye anayetakiwa kujua ni goti au kifundo, na kama atarudi. Kisha anaambiwa ana sekunde 20.

Kocha anayekimbilia vyumbani wakati wa mapumziko, timu yake ikiwa nyuma, hana hamu ya kuzungumza na yeyote. Swali moja likiwa bovu, nafasi imekwisha. Wapo wanaodhani nafasi hii iliundwa ili wanawake wawekwe mahali pa kupendeza macho. Ni kweli kwamba baadaye vituo vingi viliitumia hivyo, na ni jambo la kusikitisha. Lakini kwa mwandishi aliyezoea kupata maneno ya mtu mwenye hasira ndani ya dakika mbili, ilikuwa ni kazi ileile ya gazetini, imebanwa zaidi.

Ilikuwaje mwandishi wa michezo akaripoti kuanguka kwa Ukuta wa Berlin?

Mwaka 1989 CBS ilimtuma aangalie mabadiliko yale yangeifanya nini michezo ya Ujerumani Mashariki. Nchi ile ndogo ilikuwa jitu la michezo. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 ilishika nafasi ya pili duniani ikiwa na medali 102, 37 zikiwa za dhahabu, mbele ya Marekani. Mafanikio hayo yalitokana na shule maalumu za michezo, vipaji vilivyochaguliwa tangu utotoni, na pia dawa za kuongeza nguvu zilizotolewa kwa mpango wa serikali. Ukuta ulipoanguka, mfumo wote huo ulikuwa unaanguka pamoja nao.

Miaka zaidi ya miwili baadaye CBS ilirusha Olimpiki ya majira ya baridi ya Albertville, Ufaransa, na Visser alikuwa katika kikosi chake. Ujerumani iliyoungana iliongoza orodha ya medali, ikipata 26.

Ni nini kilitokea kwenye Super Bowl ya 1992?

Tarehe 26 Januari 1992, mjini Minneapolis, Washington iliifunga Buffalo Bills 37 kwa 24. Visser ndiye aliyesimamia hafla ya kukabidhi Kombe la Vince Lombardi, kombe la bingwa wa Super Bowl, kwa niaba ya CBS, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Hafla hiyo hutazamwa na watu wengi sana: kamishna, mmiliki wa timu, kocha na wachezaji wote jukwaani, furaha isiyo na mpangilio, na mtu mmoja mwenye kipaza sauti anayetakiwa kuiendesha.

Ni kweli alipata ajali mbaya?

Ndiyo. Juni 1993 alianguka akikimbia mazoezi katika Central Park mjini New York. Alivunjika nyonga na kuumia vibaya usoni, akafanyiwa upasuaji wa sehemu zote mbili. Kwa mtu anayefanya kazi mbele ya kamera, na kwa kutembea na kukimbia uwanjani, ilikuwa ajali ya kutisha. Alirudi kazini, na hatua zake mbili kubwa za televisheni, ile ya 1995 kwenye Super Bowl na ile ya 1998 kwenye Monday Night Football, zilikuja baada yake.

Kwa nini aliondoka CBS kwenda ABC?

Mwishoni mwa 1993 CBS ilipoteza haki za kurusha mechi za NFL, zikachukuliwa na Fox. Kituo kilichokuwa na futiboli tangu miaka ya 1950 kikabaki bila futiboli, na watangazaji wake wakatawanyika. Visser akaenda ABC na ESPN. Huko, mbali na futiboli, alifanya mbio za farasi, kuteleza kwenye barafu na Olimpiki Maalumu, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili.

Alifanya nini kwenye Monday Night Football, na kwa nini aliondoka?

Kipindi hicho cha Jumatatu usiku kilianza ABC mwaka 1970, na kilikuwa zaidi ya mechi: ndicho kilichoigeuza futiboli kuwa burudani ya usiku kwa nchi nzima. Mwaka 1998 Visser akawa mwanamke wa kwanza kupangiwa kazi kwenye kikosi chake. Baada ya misimu miwili ABC ilibadilisha karibu kikosi kizima. Mchekeshaji Dennis Miller aliletwa kwenye chumba cha utangazaji, na pembeni mwa uwanja wakaja Melissa Stark na Eric Dickerson. Visser akarudi CBS mwaka huohuo wa 2000, na CBS wakati huo ilikuwa imeshazipata tena haki za NFL.

Naona uamuzi ule ulikuwa hasara kwa watazamaji. Kikosi kipya chenyewe hakikudumu.

## 4. "Wa kwanza" katika lipi hasa?

Je, alikuwa mwanamke wa kwanza kutangaza michezo kwenye televisheni ya Marekani?

Hapana. Jane Chastain alifanya kazi na CBS kwenye mechi za NFL mwaka 1974. Phyllis George, aliyekuwa mrembo wa Marekani wa mwaka 1971, alijiunga na kipindi cha The NFL Today cha CBS mwaka 1975, pamoja na Brent Musburger na Irv Cross, na mahojiano yake na wachezaji yalibadilisha namna watazamaji walivyowaona. Jayne Kennedy, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza katika kazi hiyo, alimfuatia mwaka 1978. Visser aliingia televisheni miaka sita baada ya hapo.

Tofauti iko kwenye njia. George na Kennedy waliajiriwa kutoka ulimwengu wa urembo na uigizaji kwa sababu ndizo njia ambazo vituo vilikuwa tayari kuwafungulia wanawake. Visser alipita njia waliyopita wanaume. Kumsifu yeye hakuhitaji kuwashusha wao.

Basi alikuwa wa kwanza kutangaza mechi ya NFL, akiieleza hatua kwa hatua?

Hapana pia. Huyo ni Gayle Sierens, aliyetangaza mechi ya Seattle Seahawks na Kansas City Chiefs kwa NBC tarehe 27 Desemba 1987. Alipewa nafasi ya kuendelea na mechi nyingine, lakini akabaki na kazi yake ya kusoma habari mjini Tampa. Ikapita karibu miaka 30 kabla mwanamke mwingine, Beth Mowins, hajatangaza mechi ya msimu wa kawaida ya NFL kwenye televisheni ya taifa. Ilikuwa tarehe 11 Septemba 2017, siku ambayo Visser alitimiza miaka 64.

Sasa yake ni yapi?

Wa kwanza kuandika timu ya NFL kwa jukumu la kudumu (1976). Wa kwanza kusimamia utoaji wa kombe la Super Bowl (1992). Wa kwanza kuripoti kutoka pembeni mwa uwanja wakati wa Super Bowl: tarehe 29 Januari 1995 mjini Miami, siku Steve Young alipotupa pasi sita za alama na San Francisco 49ers wakaifunga San Diego Chargers 49 kwa 26. Wa kwanza kwenye Monday Night Football (1998). Wa kwanza kuwa mchambuzi wa mechi ya NFL redioni (2001). Mwaka 2009 alikaa tena kwenye kiti cha mchambuzi, safari hii kwenye televisheni, katika mechi ya Miami Dolphins ya maandalizi ya msimu. Na mwaka 2004 alikuwa mtangazaji wa kwanza wa kike wa michezo kubeba mwenge wa Olimpiki.

Ukisoma mahali kwamba alikuwa "wa kwanza" katika jambo lisilomo humu, uliza ni mechi gani, kituo gani na nafasi gani. Mwandishi wa pembeni, mchambuzi na mtangazaji wa mchezo ni watu watatu tofauti, na mkanganyiko mwingi hutoka hapo.

## 5. Tuzo na maswali ya pembeni

Je, yumo kwenye Pro Football Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji wa futiboli?

Ametunukiwa nayo. Mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokea Tuzo ya Pete Rozelle ya redio na televisheni, inayotolewa na taasisi hiyo ya Canton, Ohio. Watunukiwa wa tuzo hii huenziwa huko, lakini hawahesabiwi pamoja na wachezaji, makocha na viongozi wanaoingizwa rasmi na kutengenezewa sanamu. Tuzo ina jina la kamishna aliyetoa agizo la 1985 (tazama sehemu ya pili). Ilichukua miaka 12 mwanamke wa pili, Andrea Kremer, kuipokea mwaka 2018. Msimu huohuo Kremer na Hannah Storm walitangaza pamoja mechi za Alhamisi kupitia Amazon, wanawake wawili peke yao kwenye chumba cha utangazaji.

Tuzo nyingine?

Mwaka 2009 chama cha watangazaji wa michezo wa Marekani kilimpigia kura kuwa namba moja kati ya watangazaji wa kike wa nyakati zote. Mwaka 2020 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya mafanikio ya maisha ya Sports Emmy, tuzo za televisheni ya michezo za Marekani.

Aliolewa na mtangazaji mwenzake?

Ndiyo, Dick Stockton, kuanzia mwaka 1983 hadi walipoachana mwaka 2010. Mashabiki wa beisiboli wanaikumbuka sauti ya Stockton kutoka uwanja wa Fenway Park mjini Boston kwenye mchezo wa sita wa World Series ya 1975, Carlton Fisk alipopiga mpira uliogonga nguzo ya pembeni.

Mbona mwaka wa kuanza CBS hutofautiana, wengine 1984, wengine 1987?

Yote miwili ni sahihi. Mwaka 1984 alianza kwa kazi za vipindi, huku akiendelea na The Boston Globe. Mwaka 1987 ndipo alipokuwa wa kudumu. Ukitaka kuhesabu miaka yake ya televisheni, anza na 1984. Ukitaka kujua lini gazeti lilikoma kuwa kazi yake kuu, tumia 1987.

Na kile kipindi cha wanawake pekee?

Ni We Need to Talk, kilichoanza CBS Sports Network Septemba 2014. Ni kipindi cha kitaifa cha mjadala wa michezo, wanawake pekee mezani, na Visser akawa miongoni mwao tangu mwanzo. Mada si "wanawake na michezo". Ni mechi za wiki, majeruhi, mikataba, na kocha yupi anastahili kufukuzwa.